Wategemezi wa Mtu wa Lango

Mama Pasi hakuwa na mume, kwa sababu mume alikuwa amekufa wiki tatu zilizopita. Hakuwa na akiba ya kumlipa wakili. Hakuwa na meza ya pasi yenye miguu minne. Mguu wa nne ulikuwa tofali. Hakuwa na mahali pa kukaa nyumbani kwake mwenyewe, maana viti vyote vitatu vilikuwa vimekaliwa na ndugu wa marehemu, nao hawakuonyesha dalili yoyote ya kusimama. Hakuwa na sukari, kwa sababu hiyo hiyo. Kitu pekee alichokuwa nacho kwa wingi ni shemeji.

Shemeji huyo, kaka mkubwa wa marehemu, aliitwa Karani. Alikuwa amestaafu ukarani wa stoo ya shule miaka kumi na minne iliyopita, lakini ukarani haukuwa umestaafu ndani yake. Hata chai aliipokea kama anayepokea mzigo: aliitazama, akaikagua kimo chake kikombeni, kisha ndipo akanywa.

"Ajenda ya kwanza," alisema asubuhi ile, akigonga meza ya pasi kwa kalamu. "Wategemezi."

"Shemeji, usigonge. Nitaliunguza shati la mwalimu."

"Shati litasubiri. Sheria haisubiri."

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Jengo walilopanga lilikuwa na ghorofa nne na lango moja kubwa la chuma, la kusukuma kwenye reli. Lango hilo liliwekwa ili wezi wasiingie. Mwishoni mwa reli palikuwa na kizuizi, kipande cha chuma kisichozidi ukubwa wa mche wa sabuni, ambacho kazi yake ilikuwa kulizuia lango lisipitilize na kuanguka. Kizuizi kiling'oka. Wapangaji wakalalamika. Mwenye jengo akajibu kwamba lango ni zima, ila wapangaji ndio hawajui kusukuma. Miezi mitano baadaye, Jumanne saa kumi na mbili na nusu asubuhi, lango lilipitiliza likamlalia mume wa Mama Pasi. Watu saba walilinyanyua, lakini walichelewa.

Wakili mmoja kijana, mwenye ofisi juu ya duka la viatu, alikubali kuichukua kesi na kulipwa wakishinda. Alimweleza Mama Pasi kwamba anayepangisha watu ana wajibu wa kuwawekea mahali salama, na asipofanya hivyo mtu akafa, familia ina haki ya kudai fidia. Akampa fomu. Ukurasa wa tatu wa fomu uliuliza: Ni nani waliomtegemea marehemu, na aliwasaidiaje?

Wakili alisema, "Andikeni waliomtegemea." Karani, ambaye masikio yake yalikuwa yamezoea stoo, alisikia, "Andikeni wote."

"Tuanze na dada yetu," alisema.

Dada wa marehemu, wifi yake Mama Pasi, alijiweka sawa kwenye kiti. "Niandike alininunulia dawa za presha kila mwezi."

"Wifi, wewe si huna presha?"

"Nilikuwa sina. Amekufa, ninayo."

"Imeandikwa," alisema Karani. "Anayefuata."

Aliyefuata alikuwa mwanawe mwenyewe Karani, jibaba la miaka arobaini na miwili, ambaye mtaa mzima ulimwita Bonge. Bonge alikuwa akimalizia kipande cha mkate. "Mimi baba mdogo alinilipia karo."

"Karo ya nini wewe?" aliuliza binti wa Mama Pasi, aliyefanya kazi duka la dawa na alikuwa anajiandaa kutoka. "Shule uliacha kabla mimi sijazaliwa."

"Elimu haina mwisho, dada."

"Ila mkate una mwisho. Tuachie kidogo."

Kufa kufaana, wahenga hawakukosea. Kufikia saa nne orodha ilikuwa na watu kumi na tisa, wakiwemo wawili waliokuwa wamefariki kabla ya marehemu mwenyewe. Karani alipofika kwenye swali la kazi ya marehemu, kalamu yake ilisita.

"Msimamizi," alisema.

"Msimamizi wa nini, baba mkubwa?" aliuliza binti.

"Msimamizi tu. Wa mambo."

"Baba alikuwa anafungua lango."

"Alikuwa anapita langoni! Kila mtu hupita langoni!" Karani alikunja uso. "Sikiliza, mwanangu. Katika ukoo wetu tuna makarani wawili na fundi redio mmoja. Bawabu hatuna."

Ukweli, ambao jengo zima liliujua, ni kwamba marehemu hakuwa na ajira kwa miezi kumi na moja. Kiwanda cha ndoo kilimrudisha nyumbani, na nyumba ikaendeshwa na pasi ya mkewe. Mwezi ule ule mwenye jengo alimwachisha kazi mlinzi ili kubana matumizi. Basi marehemu, ambaye hakuweza kukaa bure hata akilazimishwa, akawa anashuka kila alfajiri kulisukuma lile lango zito kwa ajili ya watu waliokuwa wakienda kazini. Hakulipwa. Wapangaji walimwita Mtu wa Lango.

Mama Pasi alitaka kusema neno. Lakini alikuwa na mashati kumi na moja ya kumaliza kabla ya adhuhuri. Akanyamaza, akakandamiza pasi kwenye ukosi. Karani akaandika: Msimamizi.

Bwana wa bima ya mwenye jengo alikuja Alhamisi alasiri, na mkoba wa ngozi na viatu vilivyolia kila hatua. Alisema amekuja kuona hali ya wategemezi.

Karani alikuwa ameiandaa hali hiyo tangu asubuhi. Bonge alivalishwa shati lililochanika kwapani, ambalo kwa kweli lilikuwa la mteja na lilichanika wakati wa kuvalishwa. Wifi alilazwa mkekani na kitambaa chenye maji kipajini. Friji, ambalo lingeonekana kama utajiri, lilifunikwa shuka na juu yake pakawekwa ndoo, lifanane na meza.

"Poleni sana," alisema bwana wa bima, akafungua daftari.

"Tumeshapoa, kilichobaki ni njaa," alijibu Karani.

Hapo friji likaanza kuunguruma. Ndoo ikatetemeka juu yake.

"Hicho kinachounguruma ni nini?"

"Tumbo la huyu kijana," alisema Karani bila kupepesa macho. "Tangu baba yake mdogo afe, ndivyo linavyofanya."

Bwana wa bima alimtazama Bonge kwa muda, kuanzia kidevu cha kwanza hadi cha tatu. Akaandika. Binti wa Mama Pasi alitoka nje kwa haraka, na kilio chake kilichosikika ukumbini hakikuwa kilio.

"Marehemu alikusaidia nini, kijana?"

"Karo. Na viatu. Na... dawa za presha."

"Dawa ni zangu!" alisema Wifi kutoka mkekani, akaketi wima kisha akakumbuka na kulala tena.

"Alimpa kila mtu kila mwezi?"

"Bila kukosa," alisema Karani. "Ndugu yangu alikuwa mkono wazi."

Bwana wa bima alijumlisha pembeni mwa ukurasa, akapiga mstari, akajumlisha tena. "Kwa maelezo yenu, marehemu alikuwa akigawa kwa mwezi mara sita ya mshahara wa meneja wangu."

"Alikuwa mkarimu."

"Naona. Na Jumanne ile, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, alikuwa anafanya nini langoni?"

"Anapita," alisema Karani.

"Kwenda wapi?"

"Kazini."

"Kazi gani?"

Karani alimtazama Mama Pasi. Mama Pasi alitazama pasi. Friji lilinyamaza, kana kwamba nalo lilitaka kusikia jibu.

"Kwenye mambo," alisema Karani.

Bwana wa bima alifunga daftari. Viatu vyake vililia hadi nje.

Jibu la kampuni ya bima lilifika siku ya nane. Binti alilisoma kwa sauti, na kadiri alivyosoma ndivyo sauti ilivyopungua. Kampuni ilisema kwanza kwamba mwenye jengo hakuwahi kujua wala kuruhusu mpangaji yeyote kulishika lango hilo. Marehemu, akiwa mpita njia tu, alilichezea kwa hiari yake na kwa hatari yake. Pili, kuhusu fedha nyingi ambazo marehemu alizigawa bila kuwa na mwajiri anayejulikana, kampuni ingependa kufahamu chanzo chake, hasa ikikumbukwa kwamba mwaka huo wapangaji wawili waliibiwa baiskeli na mmoja mtungi wa gesi. Hata hivyo, kwa ubinadamu, kama familia itaondoa madai ndani ya siku kumi na nne, mwenye jengo atachangia bei ya jeneza, la mbao laini.

Binti aliiweka barua juu ya meza ya pasi.

"Tulichukue," alisema Karani, akipangusa jasho. "Bora jeneza kuliko aibu."

"Jeneza la nini na mtu ameshazikwa?" aliuliza Wifi.

"Labda tunaweza kubadilisha tukapata kitu kingine dukani," alisema Bonge.

Mama Pasi alisimamisha pasi wima. Kwa miaka ishirini na sita ya ndoa hakuwahi kumpandishia shemeji yake sauti, na hata siku ile hakuipandisha.

"Shemeji, inuka kwenye kiti changu."

Karani alidhani hakusikia vizuri.

"Simama. Nataka kukaa."

Alisimama. Mama Pasi akakaa, akanyoosha miguu, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akaegemea.

"Mume wangu mmemfanya mwizi," alisema. "Mwizi wa baiskeli na mtungi wa gesi. Kwa sababu mliona haya kumwita bawabu."

"Shemeji yangu, mimi nilikuwa nalinda heshima ya—"

"Mficha uchi hazai. Mimi nilinyamaza kwa ajili ya mashati kumi na moja, hilo kosa langu. Sasa sinyamazi."

Alimwambia binti ampigie wakili simu, na wakamsimulia yote: kiwanda cha ndoo, mlinzi aliyefukuzwa, alfajiri zile zote za kusukuma.

"Mama," alisema wakili, "mbona haya hamkuniambia tangu mwanzo?"

"Tulikuwa tunalinda heshima."

"Ya nani?"

Wakili akawaeleza polepole, kama mwalimu mwenye subira. Kama mwenye jengo alimwondoa mlinzi, akamwacha mtu mwingine afanye kazi ile, tena akijua lango ni bovu, basi kesi si ile tena. Lakini lazima ithibitishwe kwamba alijua. Wawatafute watu walioona, waandike kwa maneno yao wenyewe, watie saini, wapeleke kwa kampuni kwa barua ya rejista kabla ya siku kumi na nne kwisha, na nakala wampe yeye.

"Na ile orodha ya wategemezi?" aliuliza Mama Pasi.

"Ichaneni," alisema wakili. "Tafadhali sana."

Jengo lilikuwa na milango ishirini na minne, ukiwemo wa Mama Pasi. Jumamosi mama na binti walibisha hodi kwenye ile ishirini na mitatu, daftari mkononi.

Fundi saa wa ghorofa ya pili alisema Mtu wa Lango alifungua saa kumi na moja na dakika arobaini kila siku, na kwamba katika saa zote alizowahi kutengeneza hakuna iliyokuwa sahihi kama yeye. Muuguzi wa ghorofa ya tatu, aliyekuwa akirudi kutoka zamu ya usiku, alisema wapo wanaume wawili waliomfuata nyuma, kwa asubuhi mbili tofauti. Wote wawili waligeuza njia walipomwona mzee amesimama langoni. Mwalimu alisema hajui aseme nini, akaingia ndani, akarudi na macho mekundu na mashati manne ya kupigwa pasi. Wapangaji wawili walikataa kusaini. "Mama, unajua tunadaiwa kodi," mmoja alisema kupitia tundu la ufunguo. Mama Pasi alilijibu lile tundu kwamba anaelewa, na alielewa kweli. Mlango mmoja haukuwa na mtu.

Wa mwisho alikuwa muuza mayai wa chini, aliyetoka kila alfajiri na baiskeli yenye trei zilizopangwa kupita kichwa chake.

"Miezi kumi na moja sijavunja yai langoni," alisema. "Alikuwa ananishikia lango kwa mgongo, ananiambia pita mwanangu, taratibu. Tangu afe nimevunja trei tatu. Niandike mimi mtegemezi. Andika na mayai yenyewe."

"Tia saini hapa."

"Ngoja. Na mwenye jengo mmemwandika?"

"Tumwandike kwa lipi?" aliuliza binti.

"Kwani yeye alikuwa anaingiaje? Kila tarehe moja akija kukusanya kodi anapiga honi mara mbili, hashuki garini hata kidogo. Mzee anasukuma, yeye anaingia. Anatoka, honi mara mbili, mzee anasukuma tena. Nimesimama hapa na mayai yangu nikimsikia. Anashusha kioo, anasema, 'Mzee, huko mwisho shika polepole, hakuna kizuizi, lisije likakuangukia. Nitaleta fundi mwezi ujao.' Mwezi ukija, anasema vile vile. Mara tano! Hata mimi nimelikariri."

Binti aliacha mdomo wazi. "Kuna mwingine aliyesikia?"

"Muulize muuguzi. Ile sauti ya bwana yule, hata waliozimia wodini wanaisikia."

Muuguzi aliulizwa. Alikuwa amesikia. Hakulisema mwanzo kwa sababu alidhani kila mtu anajua.

Jumapili mchana walikaa kuandika. Mwandiko wa binti ulikuwa wa duka la dawa, ambao hausomeki na mtu yeyote, na wa Mama Pasi ulikuwa wa polepole. Karani alikuwa amesimama mlangoni tangu asubuhi. Alikuja na kilo ya sukari, akaiweka mezani bila kuikabidhi kwa mtu.

"Mimi nina mwandiko," alisema, akitazama dari.

"Tunajua, shemeji. Kaa."

Akakaa kwenye ndoo. Mama Pasi akasema, Karani akaandika, herufi zake zimesimama kama askari kwenye gwaride. Mambo yalikwenda vizuri hadi walipofika kwenye kazi ya marehemu.

"Niandike 'mratibu wa lango'?" aliuliza Karani kwa unyonge.

"Hapana."

"'Msimamizi wa maingilio'?"

"Shemeji."

"'Bawabu wa kujitolea', basi. Kidogo ina hadhi."

"Andika: Alifungua lango."

Kalamu ilisimama hewani. Kwa kitambo mzee hakuwa karani wa kitu chochote, alikuwa mtu aliyefiwa na mdogo wake. "Utotoni alikuwa analia akibebwa mgongoni na mwingine asiyekuwa mimi," alisema, si kwa mtu yeyote. Kisha akainama akaandika, Alifungua lango, kwa herufi nzuri kuliko zote za siku ile.

"Wategemezi," alisema, akipangusa pua. "Wa kwanza?"

"Mwenye jengo."

Karani aliinua kichwa. "Mwenye jengo ndiye tunayemshtaki."

"Ndiye. Andika: Mwenye jengo. Alimtegemea marehemu kuingia na kutoka kila tarehe moja, honi mara mbili, akimwonya kwa kinywa chake mara tano kwamba lango lina hatari."

Karani alianza kucheka. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda mabegani, akalazimika kuiweka kalamu chini. Bonge akacheka kwa sababu baba yake anacheka. Wifi, ambaye alikuwa amekuja kuulizia presha yake inaendeleaje kwenye karatasi, akacheka hadi akashika ukuta. Kisha wakaandika: fundi saa, muuguzi, mwalimu, muuza mayai pamoja na mayai yake, milango ishirini yote, kila mmoja na alichofunguliwa.

"Na mimi, mama mdogo?" aliuliza Bonge. "Nisiandikwe hata chini kabisa?"

"Baba yako mdogo alikupa nini, Bonge? Sema kweli."

Bonge alifikiri sana. Kufikiri kulimchosha, ilionekana. "Alinitukana," alisema. "Kila Ijumaa. Aliniambia nitafute kazi."

"Huo ni msaada, ila hukuupokea," alisema binti.

"Na wewe mwenyewe?" Karani alimuuliza Mama Pasi. "Mjane lazima awepo. Alikusaidia nini?"

Mama Pasi alitazama dirishani. Fedha hakumpa, miezi kumi na moja. Chakula alikula chake. Alitaka kusema jambo kubwa, la kufaa mahakama, likakosekana.

"Andika hivi," alisema. "Mimi napiga pasi mashuka ya watu. Shuka halikunjwi na mtu mmoja. Yeye alishika upande wa pili."

Karani aliandika. Hakuuliza hadhi.

Jumatatu saa mbili asubuhi walikuwa posta, Mama Pasi, binti, Karani na Bonge. Karani aliukagua kila ukurasa mara mbili, akazihesabu saini, akaikunja barua mara tatu kwa usawa wa kutisha, akaitia kwenye bahasha. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka. Bonge akasema yeye ana mate ya kutosha, akailamba kutoka pembe hadi pembe, na Mama Pasi akaikandamiza juu ya kaunta kwa kiganja, kwa uzito ule ule anaotumia kwenye ukosi.

"Ya rejista?" aliuliza karani wa posta.

"Ya rejista."

"Mtumaji ni nani?"

Karani alifungua mdomo. Mama Pasi akamtazama, naye akaufunga.

"Ni mimi," alisema Mama Pasi. "Mke wa Mtu wa Lango. Andika hivyo hivyo."

Karani wa posta aliandika, akapima, akagonga muhuri mara mbili, akaitupa bahasha kwenye gunia pamoja na nyingine.